Kofi la Tatu

Iko siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila ninaposikia watu wakipiga makofi. Kanisani, harusini, hata kwenye mikutano ya wazazi nilipokuwa bado kazini, wenzangu wakipiga mimi naweka mikono mapajani. Watu walizoea kusema mwalimu yule ana maringo. Waache waseme. Hebu acha vyombo hivyo kwanza, kaa hapa mkekani, na leo usinikatize kama kawaida yako.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwalimu mpya, mwembamba, mwenye mdomo. Usinitazame hivyo, wembamba niliwahi kuwa nao. Kipaji changu kilikuwa kuigiza watu. Nilimwigiza mkuu wa shule anavyokohoa kabla ya kugomba, nikamwigiza mama mmoja wa Bangwe anavyokataa kupunguza bei ya dagaa, na watu wakavunjika mbavu. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Tatu. Huyu alikuwa binti wa Ujiji, mwalimu kama mimi, na tulipanga chumba kimoja hapa hapa Katubuka. Alikuwa mpole, mwenye haya nyingi, hata kucheka kwenyewe alicheka amejifunika mdomo kwa mtandio. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Nalisema hilo mapema ili usije ukadhani nilimfanyia kwa ubaya.

Likizo moja tukapanda boti hadi kijiji cha Mwamgongo, walimu sita, wavulana wanne na sisi wasichana wawili. Tulifikia kwa wazazi wa Gervasi, mmoja wa wale wavulana, jitu la miraba minne. Shabaha yetu ilikuwa mlima. Tulitaka tuupande asubuhi, tuvuke mgongo wake, tushuke bonde la upande wa pili kwenye maji moto, tuoge, na kabla ya giza tuwe tumerudi kijijini. Baba yake Gervasi akasema hatuendi peke yetu, akatutafutia mzee wa kutuongoza.

Alikuja alfajiri. Aliitwa Mzee Bukuru, mtu mfupi, mkavu, mwenye kofia ya sufu na fimbo ndefu kuliko yeye. Kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kuwapeleka wagonjwa wa mgongo na wa ngozi kwenye yale maji. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akatuamkia yeye kwa Kiha, "Mwakeye," huku akipiga makofi taratibu, ameinamisha kichwa. Kwetu sisi Waha salamu ya heshima ina makofi, unajua. Basi na sisi tukapiga. Tatu, ambaye hakuzaliwa Muha, akapiga lake zito, viganja vimekunjwa kidogo, likatoa mlio wa kitu kilichodondoka majini. Wavulana wakatabasamu. Naye akaona haya.

Mzee Bukuru akasema, "Juu kule hatuhesabu watu. Tunasalimiana. Nikipiga kofi moja, kila mtu anaitikia moja, wa mbele kwanza, wa nyuma mwisho. Kila mtu na la kwake."

"Na asiyeitikia, Mzee?" Gervasi akauliza.

"Tunarudi kumfuata."

Tukaondoka, tukapita kwenye michikichi, tukapita mashamba ya muhogo, kisha njia ikaingia msituni na kuanza kupanda kwelikweli. Mzee alikuwa mbele, wavulana wakafuata, mimi wa tano, Tatu nyuma yangu. Kila baada ya mwendo alisimama, akapiga. Nasi tukaitikia, ta, ta, ta, ta, langu, halafu la Tatu. Alisikiliza hadi la sita, ndipo akanyanyua fimbo tukaendelea. Mwanzoni tuliona mchezo. Baadaye nikaona kwamba hata kugeuka hageuki, masikio yalimtosha.

Karibu na mgongo wa mlima ukungu ukatushukia. Si ule wa kupita. Huu ulikaa, nikawa namwona mgongoni yule wa mbele yangu na basi. Nyani tuliowasikia tangu asubuhi walikuwa wamenyamaza. Hapo ndipo Tatu akanivuta shati.

Akaninong'oneza kwamba amebanwa na haja, na hawezi kumwambia mzee wa watu asimamishe msafara kwa jambo kama lile, wavulana wakisikia. "Naingia hapa kichakani mara moja, nawakuta. Mzee akipiga, nipigie na mimi."

Nikamwambia nenda. Sikufikiri hata kidogo. Hatukwenda hatua hamsini, Mzee akasimama akapiga. Wavulana wakaitikia. Nikapiga langu, kisha nikakunja viganja, nikapiga la Tatu. Nililipata barabara. Mzee akanyanyua fimbo. Nami, mwanangu, nilijisikia vizuri, kwa sababu nilikuwa nimemdanganya mtu asiyedanganyika. Nilikuwa na hamu Tatu afike nimsimulie.

Hakufika. Mara ya pili Mzee alipopiga nilikuwa tayari na wasiwasi. Ningesema wakati ule, yote yangeishia hapo. Lakini ningesema nini? Kwamba lile la kwanza halikuwa la kweli? Nikaona aibu itakayonipata, nikaona Gervasi anavyotucheka sisi wawili. Nikapiga tena mawili, langu na la mwenzangu.

Tukavuka mgongo, tukaanza kushuka. Njia ilikuwa nyembamba, mawe yamelowa, macho yote miguuni. Nikajiambia, safari hii akipiga sipigi la Tatu, na liwalo na liwe. Mzee akapiga, wavulana wakaitikia, nikapiga langu moja, nikashusha mikono. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme. Nyuma yangu kofi likaitika.

Nilihema kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Umechelewa wewe," nikamwambia bila kugeuka, maana ningegeuka ningeteleza. Hakujibu. Nikadhani amechoka, au amekasirika kwa kuachwa. Nikaendelea kumsemesha kushuka kote kule, nikamwigiza Mzee anavyosimama, nikamwigiza Gervasi anavyohema, na nyuma yangu sikusikia hata kicheko. Mtu wa kucheka vile. Nami bado sikugeuka. Nasema kweli, ilifika mahali sikutaka kugeuka, na sikujua kwa nini.

Maji moto utayanusa kabla hujayaona, yananuka mayai viza. Yalikuwa mabwawa mawili, la juu la wanawake na la chini la wanaume, katikati jiwe kubwa kama nyumba. Mvuke na ukungu vimechanganyika, huoni mkono wako. Wavulana wakashuka kwao na Mzee. Mimi nikafunga kanga kifuani, nikaingia, maji yakanifika mabegani, matamu ajabu baada ya ile baridi. Nikasema, "Tatu, ingia, acha kununa." Kimya.

Upande wa pili wa jiwe Mzee akapiga. Wavulana wakaitikia. Nikatoa mikono majini, nikapiga langu. Na kofi la sita likaitika humo humo bwawani, karibu nami kiasi cha kumgusa mtu. Nikanyoosha mkono. Nikagusa jiwe. Nikazunguka bwawa lile lote nikipapasa, halina upana wa chumba hiki, na hapakuwa na mtu, wala maji hayakuwa na wimbi isipokuwa langu. Hapo ndipo nikatambua kilichokuwa kinanitisha tangu kwenye mteremko. Kofi lile halikuwa la Tatu. La Tatu lilikuwa na uvivu fulani mwishoni. Lile lilikuwa langu, lile la kuigiza.

Nilitoka na kanga inavuja, nikapita mbele ya wavulana bila haya yoyote, nikapiga magoti mbele ya Mzee Bukuru na kumwambia yote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Umemwitikia mara ngapi?" akauliza.

"Mara mbili."

"Tangu ukungu utushukie nimesikia sita mara nne."

Nikamwambia yale mawili ya mwisho siyajui. Akavua kofia, akaikunja mkononi. Kisha akasema polepole, "Mwalimu, mtu akikosekana anaacha nafasi. Nafasi ile inauma, inapiga kelele, ndiyo inayotufanya turudi. Wewe umeiziba, kisha ukaiacha wazi bila mwenyewe. Nafasi kama hiyo huingiwa na kitu kisicho mtu."

Akawaambia wote wavae. Akatukataza kupiga kofi tena hadi kijijini. "Sasa mwiteni kwa jina lake," akasema, "kwa sauti zenu wenyewe, na mkiitikiwa kwa makofi msiende."

Tukapanda kule tulikotoka tunaita Tatu, Tatu, hadi koo zikakauka. Mara mbili makofi yaliitika, upande wa kulia wa njia, palipokuwa na mteremko wa kwenda kusikojulikana. Gervasi, mtu mkubwa yule, alinishika mkono kama mtoto. Tukapita.

Tatu alikuwa palepale alipoingia, mwanangu. Nyuma ya kichaka kulikuwa na korongo ambalo ukungu ulilifunika, alikanyaga hewa akaanguka hadi kwenye ukingo wa mawe chini, kimo cha watu watatu hivi. Mkono wa kulia umevunjika juu ya kiwiko, kifua kimebanwa, sauti haitoki, amelowa chapachapa, midomo imekuwa ya majivu. Gervasi alishuka kwa kamba ya Mzee, akambeba mgongoni, na ndiye aliyembeba hadi kijijini. Asubuhi yake tukampeleka mjini kwa boti. Mzee Bukuru alisema saa moja zaidi ya ile baridi ingemmaliza.

Sauti ilimrudia siku ya tatu akiwa wodini. Nilikuwa namlisha uji. Akaniambia, bila hasira, akinitazama usoni, "Kofi la kwanza nilicheka, nikasema huyu ananiweza. La pili nilikuwa chini nimevunjika. Nilimsikia Mzee anapiga. Nikawasikia mmoja mmoja, nikakusikia wewe. Nikajaribu kupiga langu, mkono haukuja. Halafu nikalisikia langu. Nikajua hakuna atakayerudi."

Nililia hadi muuguzi akanitoa nje. Tatu alinisamehe, tukaendelea kupanga chumba kimoja hadi alipoolewa, na mkono wake haukunyooka tena. Lakini tangu siku ile sikumwigiza mtu yeyote, na yeye hakuniomba tena kumsemea jambo, hata dogo. Nikimwambia nitakusemea, alijibu, "Hapana, nitakwenda mwenyewe." Jibu hilo lilinichoma kila mara.

Sasa nisikilize, maana sikukuita hapa kukuburudisha. Mama yake Neema alipopiga simu asubuhi ukamwambia Neema amelala hapa, sasa hivi anaoga. Najua ulitaka kumsitiri rafiki yako. Hata mimi nilitaka kumsitiri wangu. Nilikuwa pale mlangoni nachambua mchele, na simu yako sauti yake ni ya kusikia mtaa mzima. Nikamsikia mama wa watu akisema, "Haya, mama, hata namsikia anavyoimba huko bafuni, akimaliza anipigie." Ukakata, ukacheka, ukasema mama Neema masikio yanamdanganya.

Mimi sikucheka. Ndani ya nyumba hii tulikuwa wawili, na bafuni ndoo zilikuwa kavu.

Basi nasaha yangu ni hii, ishike. Usimwitikie mtu asiyekuwepo. Usisaini kwa ajili yake, usiseme yuko njiani, usiseme amelala, hata akikuomba kwa machozi. Ukimpenda, sema hayupo. Neno hilo litakuaibisha, litamwudhi, pengine atakununia mwezi mzima, lakini ndilo litakalowatoa watu majumbani kumtafuta. Mama anayeamini mwanawe anaoga hatoki kwenda kumtafuta, anabandika chai na kusubiri.

Chukua simu umwambie mama yake kwamba Neema hayupo hapa, hakulala hapa, na hujui alipo. Aibu hiyo ni yako, ibebe leo ikiwa bado nyepesi. Mimi nitakaa hapa pembeni yako usikie napumua.

Mungu akulinde, mwanangu, akulindie na sauti yako ibaki kuwa yako peke yako. Siku utakayonyamaza awaamshe watu wakuulizie, wasikubali kujibiwa na mwingine. Na Neema wa watu apatikane mzima, arudi kwa mama yake kwa miguu yake mwenyewe. Haya, piga.