Mwenye Sindano za Mto Reuss

Saa ya mnara wa Musegg inagonga saa moja asubuhi. Saa nyingine za mji wa Luzern, Uswisi, zitafuata dakika moja baadaye, kwa kuwa ile ya mnarani ndiyo kongwe na ina haki ya kutangulia. Rosmarie Achermann hazisubiri. Tayari amesimama juu ya kizuizi cha mbao katikati ya Mto Reuss, jaketi la kuelea kifuani, mikono imeshika mti wa kwanza.

Anauzungusha kidogo, anatulia, kisha anauvuta juu kwa mkupuo. Maji yanarukia pengo kwa kishindo.

“Moja,” anasema. “Leo ni thelathini.”

Miti hiyo huitwa sindano, ingawa kila mmoja unampita mtu kwa urefu. Theluji ya milimani ikiyeyuka ziwa hujaa, na sindano hutolewa kwa mkono, moja baada ya nyingine, ili maji yashuke. Ziwa likipungua, hurudishwa. Hivyo ndivyo mji umelishika ziwa lake kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Zikitolewa chache, maji yanaingia kwenye maduka ya ufukweni. Zikitolewa nyingi kwa pamoja, mto unapanda hadi kwenye meza za soko la Jumamosi, chini ya matao.

Leo ni Jumamosi, na jambo moja si la kawaida: hakuna anayempigia Rosmarie kelele.

Kwa miaka kumi na tisa kelele hizo zilitoka kwa Vinzenz Odermatt, muuza jibini mwenye umri wa miaka 51, ambaye meza yake inatazamana na kizuizi.

“Unatoa chache mno, Rosmarie!”

“Uza jibini lako, Vinzenz! Linanuka mpaka huku!”

Rosmarie ana miaka 64. Alikuwa akikata tiketi kwenye meli za ziwani, akaingia kazi hii mwaka mmoja baada ya daraja la kale la mbao la hapa mjini kuungua. Bega lake la kushoto limepasuliwa mara mbili. Mwisho wa mwezi huu wa Juni anastaafu, na hilo halimsumbui. Kilichomsumbua ni nani atabaki na sindano.

Tangazo la kazi lilibandikwa mara tatu. Waliokuja waliuliza mashine iko wapi, wakaondoka. Mkuu wa idara ya maji ya mji akamwambia wazi kuwa asipopatikana mtu, kazi itapewa kampuni ya mji mwingine, itakayotuma watu ikipigiwa simu.

“Watashuka garini, watasoma karatasi, watarudi kwao,” anasema Rosmarie. “Hawajawahi hata kulowa miguu hapa. Nililia jikoni, sioni haya kusema.”

Kisha ikaja Jumamosi moja ya Aprili. Vinzenz alianza wimbo wake wa kila wiki, naye Rosmarie akachoka.

“Basi njoo utoe wewe, bingwa wa mdomo!”

Soko zima likageuka. Vinzenz akavua aproni, akavaa jaketi, akapanda. Sindano ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili ilimponyoka, Mto Reuss ukaenda nayo.

Hapa desturi haina mjadala: anayepoteza sindano huwanunulia wote walioona kahawa iliyotiwa pombe kali ya peasi. Walioona walikuwa arobaini na mmoja. Wa arobaini na mbili alikuwa mama mmoja aliyeikuta sindano imenasa kwenye vichaka huko chini, akairudisha huku mbwa wake akiwa ameloa chapachapa. Naye akanywa.

Watu walidhani yameishia hapo. Jumatatu Vinzenz alirudi kizuizini, akaomba kufundishwa.

“Aibu ilinishika,” anasema. “Miaka yote nilidhani nayajua haya maji kwa kuyatazama. Nilipoushika ule mti ulikuwa unatetemeka kama ng’ombe anayekamuliwa na mgeni. Kwetu mlimani, ng’ombe akitetemeka hivyo, humlazimishi.”

Kwa hiyo leo yuko juu ya kizuizi, nyuma ya Rosmarie, na mkewe Klara ndiye anayeuza jibini. Mkuu wa idara amekuja kuamua kama atapewa kazi. Baada ya sindano ya kumi na mbili, Rosmarie anajipangusa mikono na kumpisha.

Vinzenz anavuta. Kumi na tatu, ishirini, ishirini na tano. Baada ya ishirini na sita anaweka kiganja kwenye inayofuata, anaisikia ikitetemeka, kisha anaiachia.

“Bado nne, Odermatt,” mkuu anasema. “Nimeandika thelathini.”

“Zimetosha. Nne tutazitoa mchana, soko likishafungwa.”

“Na nikikuambia uzitoe sasa?”

“Basi jibini la Klara kawauzie samaki, mkuu.”

Mkuu anatazama ngazi za soko. Maji yanalamba kidato cha mwisho, viatu vya Klara viko juu yake tu. Baadaye Rosmarie anakiri kwamba hata yeye angeishia ishirini na sita.

Mkuu anatoa kalamu, anafuta namba yake.

“Tarehe mosi Julai uwe hapa saa moja,” anasema. “Kwa saa ya mnarani, si hizo nyingine.”

Klara anapiga makofi na kisu cha jibini mkononi. Rosmarie anageukia milimani, anajifuta macho kwa mkono wa shati.

Je, akistaafu atafanya nini? Anasema mpango upo, na ni wa Jumamosi ya kwanza kabisa. Atalala hadi saa mbili. Atakwenda sokoni kwa Klara, atanunua jibini, atasimama pale pale kwenye meza.

“Nitamwacha atoe sindano ya kwanza kwa amani,” anasema. “Halafu nitavuta pumzi na kupiga kelele hadi ng’ambo wasikie: Unatoa chache mno, Vinzenz!”