Chupa Tatu Katika Kopo Moja

Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa ndani ya sufuria ya pilau. Si kando ya sufuria, ndani. Wali umepanda mpaka kwenye ringi, na kiazi kimoja kimebanwa baina ya mpira na bati kana kwamba nacho kimekuja kuposa. Paa la makuti la jiko la uani liko juu ya boneti. Chini ya gari kitu kimepasuka, mafuta mazito yachuruzika kwenye saruji mpya ya mzee niliyetaka awe mkwe wangu. Kaka yangu mkubwa akashuka, akakung'uta kanzu yake, akawatazama watu wote wa Mtongwe waliokuwapo, akasema:

"Dereva ni huyu. Mie nilikuwa abiria tu."

Ni neno hilo lililonifanya nishike kalamu. Darasa la tano ndipo nilipokomea, lakini kuwaandika walionidhulumu hakutaki cheti. Majina siyataji. Wakisoma, watajikuna wenyewe.

Gari lilikuwa la marehemu baba. Alilitoa Dubai miaka ya tisini ilipoingia, gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, maana njia za ndani za kwetu Utange wakati ule zilikuwa mchanga wa kumeza gari mpaka tumboni. Baba akafa, gari likawa mirathi ya ndugu wanne, kila mmoja na fungu lake. Mie kitinda mimba nikapewa usukani. Wao wakabaki na ulimi.

Basi pale nilipokubaliwa nipeleke posa, gari nalo likaanza uvivu. Magurudumu ya mbele yachimba mchanga, ya nyuma yatazama tu kama wageni waalikwa. Nikalipeleka kwa fundi wa Magongo. Akalala chini yake kitambo, akatoka na kidole kilicholoa.

"Kati ya mbele na nyuma pana kopo," akanambia. "Ndani mna visahani vyembamba, vingine vya mbele, vingine vya nyuma, na havigusani. Kinachoviunganisha ni ute mzito tu. Mbele kukiteleza, visahani vyazunguka, ute wapata moto, wavishika, na nyuma kwaamka. Wako umevuja."

"Basi tia mafuta."

"Mafuta gani? Hii ni silikoni, tena ina kipimo chake cha uzito. Niache niagize, ungoje. Na kopo hilo halijazwi pomoni. Laachiwa nafasi lipumue. Ukilijaza, likishapata moto laganda jiwe, mbele na nyuma huwa kitu kimoja, na kona huipati tena."

Maneno hayo niliyafikisha nyumbani kama nilivyoyapokea, wallahi sikupunguza hata moja. Kaka zangu wakaniitikia kwa kuja barazani Ijumaa baada ya sala, kila mtu na chupa yake.

Kaka mkubwa alikuwa mtu wa winchi bandarini. Akaweka chini chupa ya mafuta ya haidroliki. "Winchi yainua kontena," akasema. "Gari ni nini mbele ya kontena?"

Wa pili, mwalimu wa madrasa ambaye pia huchua watu, akatoa mafuta ya mbarika. "Haya yamenyoosha wazee waliokuja wamebebwa. Kwani gari halina viungo?"

Wa tatu alikuwa dereva wa malori, hulala Changamwe zaidi kuliko anavyolala kwake. Yeye alikuja na mafuta ya difu, yale ya gia za ekseli ya nyuma. "Yenu ni ya kuchulia magoti. Haya yamepanda mlima wa Mazeras na mzigo mgongoni."

"Kaka zangu," nikasema, "fundi asema ni silikoni, na asema tungoje."

"Tungoje!" Kaka mkubwa akageuka. "Posa ni Jumapili. Twende kwa watu kwa miguu, kama tunaokwenda kuomba chumvi?"

Ikawa ni mbarika na difu, difu na mbarika, mpaka wa pili na wa tatu wakapeana migongo. Kwetu sisi, ndugu kupeana migongo wiki ya posa ni msiba. Kaka mkubwa akakohoa, akatoa hukumu yake: "Zote tatu. Kila mtu ana fungu ndani ya gari, basi na ndani ya kopo awe na fungu lake."

"Swadakta!" wakasema. Wakakumbatiana. Mie sikuulizwa. Sikuwa na chupa.

Kesho yake tukaenda Magongo, kanzu tatu na mie. Fundi akamimina akiguna. Kopo lilipofika alipotaka yeye, akasimama, na chupa ya mbarika ilikuwa bado na robo.

"Ya kaka umemimina yote," akasema mwalimu. "Yangu wayarudisha? Yana najisi?"

Fundi akanitazama, nami nikamtazama. Alijua! Lakini aliona ndevu tatu zamngoja, akamimina mpaka kopo likafurika, akalifunga. Fundi, usijifiche uvunguni mwa gari, nawe umo.

Jumapili tulivuka mchanga wa Utange kama twapita juu ya mkeka. Kila mmoja akasifu chupa yake. Tukavuka daraja la Nyali, tukavuka feri, na jua lile lichomalo. Kupanda Likoni, usukani ukawa mzito. Kwenye kila kona mipira yalia, gari laruka kama mbuzi anayevutwa sikio.

"Kaka, kopo limeshikana. Tulisimamishe lipoe."

"Endesha. Wakwe wangoja."

Langoni kwa mzee ilikuwa nikate kulia, niegeshe kando ya ukuta. Nikakata usukani wote. Gari likagoma, likatetemeka.

"Kanyaga!" akasema kaka mkubwa.

Nikakanyaga. Likaenda moja kwa moja. Alhamdulillahi wapishi walikuwa wametoka kutazama wageni.

Mzee wa watu hakupiga kelele. Alitukaribisha, akatupa maji ya ndimu, akauliza ni nini kilichopasuka. Kaka wa tatu, kwa fahari kabisa, akamweleza habari ya chupa tatu. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwashindwa kuambiana kwamba chupa yako haifai," akasema. "Mwanangu akija kwenu akaumwa, mtamnywesha dawa ngapi?"

Posa ikarudi Utange kwa miguu. Binti akaolewa na mtu mwingine, Mungu awape heri. Mie nyumba yangu mpaka leo hufagiliwa na upepo.

Na katika kila harusi ya ukoo, kaka mkubwa husimama kusimulia habari ya mdogo wake asiyejua kuendesha, aliyeparamia pilau ya wakwe. Watu hucheka mpaka machozi. Sasa mwanawe mwenyewe anaposa, na kaka ameniletea salamu kwamba nikawe dereva wa gari lile lile, lililokwisha kutengenezwa.

Nitaendesha. Shikamoo, kaka. Lakini kabla sijawasha gari, simama kwenye baraza ile ile, mbele ya watu wale wale unaowachekesha harusini, useme ni nani aliyesema zote tatu, na ni nani aliyesema kanyaga. Nangoja jibu, na ufunguo uko mfukoni mwangu.