Kocha aliwaacha warefu akamtaka mpwa wangu, nikamshuku

Wakuu, salaam aleikum.

Haya yamenipata mimi, si rafiki yangu wala jirani. Anayetoka Faza, huku visiwani Lamu, akisoma atanitambua kabla hajafika katikati, kwa hiyo sina pa kutilia chumvi.

Mimi ni mzee mrefu. Futi sita na inchi nne, hata sasa mgongo ukiwa umeanza kupinda. Sekondari nilikuwa center, yule wa chini ya kikapu, wa timu ya basketball kwa sababu moja tu: hakukuwa na mwingine wa kimo changu. Nikazeeka nikiamini mchezo ule ni urefu, basi.

Nina mpwa wangu, Athman. Baba yake alifariki zamani, kwa hiyo kwa dada yangu Bi Khadija mimi ndiye mwenye neno la mwisho. Athman hubeba mifuko ya simiti kwenye majengo. Mabega mapana, futi sita na inchi moja. Kwa basketball ya kulipwa nilimwona mfupi.

Sikukuu moja ya Idi, vijana wa Langoni, mtaa wa Lamu mjini, walikuja kucheza na wa kwetu kwenye uwanja wa shule. Wakaja na mgeni, Kocha Mutua, aliyesema anaitafutia klabu moja ya Nairobi wachezaji.

Nilimtazama yule mtu kuliko nilivyoutazama mchezo.

Wakuu, hakuangalia wafungaji! Lali, kijana wetu anayenizidi hata mimi kwa urefu, alifunga mpaka watu wakachoka kupiga makofi. Kocha hata hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwa Athman, ambaye sikumbuki kama alifunga. Kila mpira ulipogonga chuma cha kikapu na kutoka, kocha aliinama mbele kama mtu aliyesikia akiitwa.

Nikasema moyoni: huyu si mtu wa mpira.

Mnielewe. Huku kwetu mgeni anayeulizia vijana wenye nguvu hatumchekei. Kuna waliopelekwa "kazini" na mpaka leo mama zao wanauliza. Hofu yangu ilianzia hapo, na mpaka hapo sijilaumu.

Alasiri akaja nyumbani. Akamwambia Athman anyooshe mikono, akaipima. Akambonyeza mabega.

Jirani yangu Bwana Famau, tuliyekuwa naye barazani, akaninong'oneza: "Bado meno tu. Huyu ananunua punda."

Nikamuuliza kocha wazi: "Kwa nini huyu, si Lali?"

"Warefu ninao, Mzee. Wamesimama tu wanangoja mpira uwafuate. Kwenye ligi yetu mipira mingi haiingii. Huyu anajua itaangukia wapi, na akishamweka mtu mgongoni hasogezwi."

"Na urefu?"

"Una maana sana. Lali angekuwa na mabega haya na njaa hii, ningewachukua wote wawili."

Jibu tamu mno. Nikazidi kushuku. Halafu hakuomba hata ya soda! Tapeli asiyeomba kitu, nikajiambia, anachokitaka ni kikubwa.

Bi Khadija akasema, "Kakangu, mimi simyui mtu huyu. Neno ni lako."

Nikaenda kwa chifu. Chifu akapiga simu klabuni, akauliza, kisha akanigeukia: "Bwana Omari, mtu ni wa kweli. Mpe kijana radhi aende."

Kosa langu liko hapo, wakuu. Hofu ilikuwa imeshajibiwa. Ningemshukuru Mungu nikanyamaza. Badala yake nikasema hata chifu anaweza kudanganywa, nikamnyima Athman radhi. Kocha akaondoka peke yake.

Ukweli nilioficha hata kwa dada yangu ni huu: mimi, na kimo changu chote, hakuna aliyewahi kunijia. Vipi aje kwa huyu?

Athman hakubishana. Alirudi kwenye simiti.

Miaka ikapita. Juzi juzi Bwana Famau akanionyesha kwenye simu mechi ya klabu ile. Safari hii nikafanya alivyofanya kocha: nikaacha kumwangalia anayefunga. Kulikuwa na jamaa mmoja mpana, mfupi kuliko wenzake wa chini ya kikapu. Rebound, yaani mipira iliyokosewa ikarudi, karibu zote zilikuwa zake, na kila alipoipata, timu yake ilipata nafasi ya pili ya kufunga. Majitu marefu yalibaki yameinua mikono nyuma yake.

"Hii ndiyo kazi waliyomtakia Athman?" Famau akauliza.

Nikainuka, nikamfuata Athman kazini.

"Kwa nini hukwenda tu? Ulikuwa mtu mzima."

Akapangusa vumbi usoni. "Mjomba, ningeondoka bila radhi yako, huko ningeruka kwa miguu ya nani?"

Nikachukua namba kwa chifu, nikampigia kocha siku hiyohiyo. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisema nafasi ile sasa ina mtu. Kisha akaniuliza kwa upole: "Nasikia ulicheza center, Mzee. Rebound ulikuwa ukizipata?"

Nilikumbuka vizuri. Nilikuwa nikisimama tu, nikingoja mpira unifuate.

Funzo nililopata: ukubwa una maana, na kwa wanaolipwa una maana zaidi, asikudanganye mtu. Lakini mwili mkubwa usioutaka mpira uliokosewa ni nguzo ya umeme. Na shaka ni ya kuulizia. Ukishajibiwa ukaendelea kuishika, chunguza moyo wako, labda ni husuda.

Sasa nawauliza mnaoijua basketball ya kulipwa: Athman ana miaka ishirini na sita. Ipo klabu inayoweza kumwangalia, au nimeshamharibia? Semeni bila kunionea haya. Radhi nimempa, mbele ya mama yake.

Mtakaoniandikia inbox nitawauliza nyinyi ni nani na mnatoka wapi, hilo sitaliacha. Ila nikijibiwa, nitamfungia Athman mzigo kwa mikono yangu.