Bi Mkaidi na Sahani Iliyolika

Kazini walimwita Bi Mkaidi, na jina halikumwonea. Tangu utotoni, akiambiwa kaa, huuliza kwa nini. Akielezwa, huuliza nani kasema. Shule akaisoma hivyo hivyo kwa ubishi mpaka akaimaliza, akaajiriwa kwenye maabara yenye tanki la chuma linalonyonywa hewa yote.

Ndani ya tanki kuna sahani ya madini ya fedha, na nyuma ya sahani, sumaku. Ukiingiza gesi kidogo na kuwasha umeme, gesi huigonga sahani, fedha hubanduka kwa vipande visivyoonekana, vikashikana njiani vikawa chembe ndogo mno, zikatua juu ya kioo. Kioo kikitoka cha manjano, kazi imekubali.

Basi vioo vikaanza kutoka vyeupe. Maabara ile kazi ikigoma dawa ilikuwa moja tu: sugua tanki. Bi Mkaidi akasugua mpaka kucha zikamwisha. Kioo kikatoka cheupe vile vile.

"Mkono wako mchafu, dada," mkuu wa maabara akamwambia mbele ya watu. "Sugua tena. Kesho kikitoka hivi, ufunguo wa chumba hiki anapewa mwenzako."

"Sisugui."

"Unasemaje?"

"Sisugui, kaka. Tanki hili ni safi kuliko sahani unazolia kwako."

Mwenzake akajifanya anakohoa.

Katika kusugua kule, kidole chake kilikuwa kimepita usoni mwa sahani. Pale gesi inapogonga palikuwa pamelika, mtaro wa mviringo umezama kama kizingiti cha mlango wa zamani. Mtaro ukizama, uso wa fedha unaisogelea sumaku, na mvuto unazidi. Ndiyo maana mshale wa kipimo cha umeme wa tanki ulikuwa ukishuka siku hadi siku. Fedha inabanduka, akawaza, ila chembe hazipati nafasi ya kuumbika.

Nyumbani mama yake akashika kiuno. "Umemjibu hivyo mkubwa wako?"

"Nimemjibu."

"Na ufunguo?"

"Uko mfukoni, mama, na hautoki."

Asubuhi mkuu alikuja na sahani mpya. "Haya, yaishe. Weka hii."

"Siiweki. Nikiiweka, kioo kitatoka cha manjano, nawe utasema ni kwa sababu nilisugua."

Akairudisha ile ile iliyolika. Kisha akaweka vipete vyembamba vya shaba katikati ya sumaku na sahani, sumaku ikarudi nyuma kidogo. Tanki hakuligusa hata kwa kitambaa. Mshale ukapanda. Wakangoja, hakuna aliyekohoa.

Kioo kikatoka cha manjano. Si manjano ya kujivunia, lakini manjano.

Mkuu akakigeuza, akakigeuza tena. "Tanki bado lina vumbi," akasema.

Bi Mkaidi akaupapasa ufunguo mfukoni.

"Brashi ile pale, kaka."