Mawe ya Patelisio Bado Yako Kwenye Mkebe

Jogoo wa nyumba ya masista hajawika mara ya pili, na Petelonila Haukinima ameshafika nyuma ya jiko la Sekondari ya Mtakatifu Damiano, kisiwani Lifuka. Anafungua bomba la tangi la saruji. Maji yanapoanza kutoka anayakinga kwa kiganja, kisha anakiweka kiganja shavuni. Baada ya hapo ndipo anapojaza sufuria na kuwasha moto.

Wanafunzi wa bweni wataamka na kutaka chai na mihogo. Mpishi huyu amewalisha wenzao kwa miaka ishirini na tisa, kwa mshahara ambao leo ni pa'anga mia mbili na sitini kila baada ya wiki mbili.

Amevaa nyeusi tupu. Kiunoni amejifunga mkeka wa msiba, mkuukuu, uliochanika pembeni. Nywele zake zimekatwa usawa wa masikio. Chini ya dirisha la jiko kuna mkebe mkubwa wa biskuti uliofunikwa kitambaa cheupe. Viti humu ni vichache, lakini hakuna anayeukalia mkebe huo.

"Tangi hili alilichora mwanangu, wenzake wakachanga," anasema, akichochea moto. "Kila siku napikia maji yake. Sasa mtu aniambie nitamsahau vipi."

Patelisio alikuwa mwanawe wa pekee. Baba yake, aliyelima shamba la shule, alifariki mtoto akiwa darasa la pili, na tangu hapo kijana akakulia jikoni. Alimenya magimbi kabla ya kengele. Jioni alikaa nyuma ya ghala la kuni akijifunza tarumbeta ya bendi ya shule.

"Alipuliza mpaka kuku wa masista wakaacha kutaga," Petelonila anakumbuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Sista Mkuu akaja hapa akaniambia, 'Mama, chagua, mayai au muziki.' Nikamwambia, Sista, mayai yanauzwa dukani."

Alipomaliza shule alipata ufadhili wa kwenda Sydney, akawa mhandisi wa maji. Jina lake liliandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ukumbi wa shule, pamoja na ya jaji mmoja, madaktari wawili na nahodha wa meli. Hakukatisha uhusiano. Yeye na wenzake wa darasa walioko ng'ambo walikutana kila Ijumaa kwenye kilabu chao cha kava, kinywaji cha mizizi, na katika vikao hivyo ndipo lilipozaliwa wazo la tangi.

Agosti mwaka jana moyo wake ulisimama akiwa kazini. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita.

Viza ya mama haikutoka kwa wakati. Darasa lake ndilo lililomzika. Petelonila aliyaangalia mazishi kwenye simu ya padri, katika ukumbi wa parokia, wanawake wenzake wakiwa wamemzunguka.

"Niliona viatu tu," anasema. "Aliyeshika simu kule alikuwa analia, simu ikawa inaangalia chini. Nikawa naulizauliza, yuko wapi, mwanangu yuko wapi? Viatu."

Siku ya kumi baada ya mazishi, hapa kwetu, wanawake wa nyumba ya marehemu huosha mawe madogo meusi yanayoletwa kutoka kisiwa cha Tofua. Huyapaka mafuta ya nazi yenye manukato, jiwe moja baada ya jingine, kisha huyamwaga juu ya kaburi mpaka udongo usionekane. Kaburi ambalo halijapata mawe yake ni kama mtu aliyelala bila shuka.

Petelonila aliyaosha kwa maji ya tangi, pamoja na wifi yake Lusiana, dada wa marehemu mumewe. Kwa kuwa Lusiana ni shangazi wa Patelisio, yeye ndiye mkuu wa msiba, na neno lake halipingwi. Ndiye aliyezikata nywele za Petelonila. Mawe yalipokuwa tayari, kaburi lilikuwa mbali, Sydney. Wakayatia kwenye mkebe.

"Nikamwambia wifi, tutayapeleka," anasema Petelonila. "Hata nikifika mwaka ukiwa umepita, nitayapeleka. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaniamsha asubuhi."

Juni mwaka huu shule iliadhimisha miaka sitini. Wahitimu walirudi kutoka Auckland, Sydney na Nuku'alofa, kila darasa na sare yake. Siku mbili kabla ya gwaride, jiko lilijaa wanawake waliokuwa wakifunga nyama na tui ndani ya majani ya magimbi kwa ajili ya tanuri la ardhini. Ndipo alipoingia Kalisito Moala, mwenyekiti wa darasa la Patelisio. Ni fundi wa mawe, mwenye karakana yake huko Sydney.

"Mama Petelonila! Bado unatunyima mapande makubwa?" alipiga kelele kutoka mlangoni.

"Tumbo hilo linasema nilikunyima?" akajibiwa. Wanawake wakacheka.

Kalisito akapiga magoti mbele yake, akambusu, kisha akatoa simu. Alikuwa na jambo alilolificha kwa miezi mingi ili aje kulionyesha kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa picha ya kaburi.

Lilikuwa limefunikwa lote kwa jiwe jeusi lililong'arishwa. Juu yake kulikuwa na nembo ya shule, tarumbeta, shahada zote za Patelisio na majina ya kazi alizofanya. Kutoka kichwani hadi miguuni hapakuonekana udongo hata wa kujaza kijiko.

"Nimelikata mwenyewe, Mama," alisema Kalisito. "Darasa zima limechangia. Pale wanapita watu wa kila aina. Tulitaka mtu akipita ajue kwamba aliyelala hapa si mtu hivihivi."

Petelonila aliitazama picha. Alisema ahsante. Kisha akarudi kufunga majani, lakini tui lilikuwa linamwagikia mapajani na yeye haoni.

Lusiana akainyakua simu.

"Hii ni nini?"

"Ni kaburi, Shangazi."

"Naona. Nauliza hiki kifuniko. Mmemfunika mtoto wangu kama sufuria?"

"Shangazi, ni jiwe la gharama..."

"Nani alikuuliza gharama? Mlikaa wanaume watupu na bakuli lenu la kava, mkapanga kaburi! Hapakuwa na mwanamke hata mmoja huko Sydney wa kuwauliza mawe ya mama yake yatakaa wapi?"

Kalisito alimtazama Lusiana, akamtazama Petelonila, kisha macho yake yakafuata yalikokuwa yakitazama macho ya wanawake wote, chini ya dirisha. Alikwenda akakifunua kitambaa. Harufu ya mafuta ikajaa jikoni.

"Tulidhani..." alisema. Mtu huyu mwenye mabega ya mchezaji wa raga alikaa sakafuni katikati ya maganda ya nazi, akalia kwa sauti.

Petelonila ndiye aliyemnyamazisha. "Basi, Kalisito. Mlifanya kwa upendo. Hata mimi najua."

"Usimbembeleze," Lusiana alisema, ingawa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Alie kwanza. Akimaliza aniambie atafanya nini."

Kalisito alijifuta uso kwa shati. "Nililifunga mimi, Shangazi. Nitalifungua mimi."

Siku ya gwaride bendi ilipiga na madarasa yakapita uwanjani. Jina la Patelisio liliposomwa, darasa lake lilikuwa limeacha nafasi ya mtu mmoja katika safu ya mbele. Mama yake hakuwapo uwanjani. Alikuwa kwenye tanuri, akisikiliza makofi, akiondoa udongo juu ya chakula kwa koleo.

Mwezi uliopita Kalisito alipiga simu. Anataka kukata sehemu ya katikati ya jiwe, urefu wa mtu, na kuliacha jina pembeni. Wasimamizi wa makaburi hawajajibu. Ombi jipya la viza la Petelonila nalo halijajibiwa. Kalisito alijitolea kuyafuata mawe yeye mwenyewe iwapo mama atanyimwa viza tena.

"Nilimwambia hapana," anasema Petelonila. "Nimekosa kumwosha, nimekosa kumvalisha. Hili siliachi kwa mtu. Wakininyima nitaomba tena, na tena."

Kila Jumamosi anaufungua mkebe na kuyapaka mawe mafuta yasikauke. Leo ni Jumamosi. Anachukua moja, analisugua kwa kidole gumba mpaka linang'aa, analirudisha na kuchukua jingine. Uani kengele ya bweni inalia.

Mgeni aliyekuja kumsikiliza anamuuliza kama huwa analia akiyashika.

"Nitalia kule, nikishayamwaga," anajibu, na kuufunika mkebe. Anainuka na kujipangusa mikono kwenye nguo yake nyeusi. "Sasa hivi watoto wanataka chai."