Matuta Saba Nyuma ya Nyumba

Tezo ilisikika kwanza. Ko, ko, kimya, kisha ko. Nilikuwa bado nje ya ua wa makuti, sijamwona Mjomba, lakini nilijua ameketi chini, nyayo zake zimebana gogo la mpingo. Nilitamani aache. Siku zile tuliogopa kila sauti inayofika mbali.

Hakuwa mjomba wa damu. Alikuwa jirani yetu, Mmakonde, mchoraji na mchongaji ambaye vijana walisafiri kutoka Maputo kuja kumtazama tu akifanya kazi. Aliwafundisha kuacha kumchongea mnunuzi na kuufuata mshipa wa gogo, hata ukitoa mtu mwenye mdomo tumboni. Picha zake, rangi juu ya magunia, zilitundikwa katika nchi asizozijua. Nyumbani alibakiza sanamu saba asizouza: watu wa kijiji alichozaliwa, huko bara, ambacho hakipo tena.

Habari ikaja kwamba watu wa msituni, waasi waliodai kutetea dini na kuziita sanamu ushirikina, wamemuua mtu kwa kumkuta na sanamu mlangoni. Baba akasema za Mjomba zizikwe kwetu. Nani angetafuta sanamu kwa Mwislamu? Mjomba akamtania kwamba hatimaye amewasilimisha wanawe, yaani zile sanamu.

Tulizizika alasiri, tumezifunga kwa vitambaa vikuukuu vya kapulana. Baba ndiye aliyeitwa kuzika kila penye msiba, na mikono yenye hofu hufanya ilichozoea. Akazilaza ubavu wa kulia, nyuso kibla. Tukainua matuta, tukachomeka vijiti upande wa vichwa. Hakuna aliyeona kosa, hata mimi.

Asubuhi askari wa doria waliingia kuomba maji. Komandante wao akayaona matuta saba mabichi. Akamwingiza Baba sebuleni nilimokuwa nimeketi, akamuuliza kwa Kireno amezika akina nani. Kijijini hapakuwa na msiba. Wanaozikwa bila kilio, alisema, ni watu wa msituni, na anayewazika ni mwenzao.

Baba aliutazama mlango. Majirani walikuwa wamejaa uani, na neno likitoka mle lingefika msituni kabla ya magharibi, limebeba jina la Mjomba. Komandante akamwambia avae viatu, gari linangoja. Baba alikosea mguu mara mbili.

Ndipo nikagundua kwamba tezo imenyamaza. Mjomba aliingia na vumbi la mpingo kwenye nyusi, akaiweka tezo mapajani mwangu.

"Ni wanangu," akamwambia komandante. "Nimewachonga mwenyewe. Nipe jembe nikuoneshe."

Baba akamshika mkono. "Shemeji, ukiwafukua mbele ya watu hawa, huna tena pa kulala."

"Mpaka wa Namoto si mbali," alisema Mjomba. "Nikimaliza kufukua, naondoka na ninaoweza kuwabeba."

Alichukua jembe, akawatokea majirani, askari wakiwa nyuma yake. Baba alibaki na kiatu kimoja. Ni mimi niliyeufunga mlango nyuma yao.