Maziwa ya Mama Safari Ubavuni mwa Basi

Mwanangu, ipo siku naikumbuka mpaka leo, mkoa wetu wa Manyara ungali mchanga na Babati nzima inatembea kifua mbele. Wenye mabasi ya mjini walikubali wakazi waandike maneno yao ubavuni mwa mabasi, kila mtu asome. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nami nililijua hilo kupita kiasi, nikapewa brashi na rangi.

Watu wakaleta maneno. Mama Safari, mjane wa Nangara ambaye wanawe wote walishahama, hakujua kusoma. Alinitamkia polepole: "Andika: Ukipita Nangara, ingia kwa Mama Safari unywe maziwa."

Nikacheka moyoni. Haya nayo ni maneno ya kupamba basi? Nikaandika "Haba na haba hujaza kibaba," kwa herufi za kijani zenye kivuli, nikamwambia tayari. Ujana ni moshi, na wangu, nakiri, ulifuka sana.

Siku ya nne akanifuata stendi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba.

"Mwanangu, siku tatu nakamua, najaza vibuyu, nafagia ua. Hajaja hata mmoja. Hebu nisomee basi langu."

Nikamsomea methali yangu. Niliona haya, mwanangu, wee!

Akanitazama, kisha akaangua kicheko. "Methali hiyo kila mtu anayo. Maziwa ni yangu, na wageni wangu umewazuia njiani. Futa! Na wa kwanza kunywa utakuwa wewe."

Nilifuta mchana uleule, nikaandika yake. Kesho yake, niko uani kwake, kibuyu kiko mdomoni, basi likasimama nje na hodi zikaanza: mwenye duka wa Maisaka, mama wa Singe na kuku wake, mfugaji wa Simanjiro aliyekiri kwa shida kwamba hata Babati kuna ng'ombe. Mama Safari alikimbia huku na huku akitafuta vikombe, akicheka mpaka kilemba kikamwanguka. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, ila mke wangu usimwambie.

Basi sikia. Ukikabidhiwa maneno ya mtu, yafikishe kama alivyokupa, hata ukiyaona madogo. Wewe unaona maneno tu, kumbe mwenzako ameshafagia ua, anasubiri watu. Mungu akupe mkono mwaminifu, mwanangu, na nyumba yako isikose wa kupiga hodi.